Fundo la Dieumerci

Kufuli la nyumba yao pale Alunguli, mjini Kindu, hufunguka kwa msumari. Wezi wanajua, majirani wanajua. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini Mama Onema hajakubali libadilishwe, kwa sababu mtoto wake wa kwanza, Dieumerci, aliondoka na ufunguo mfukoni, na siku atakayorudi asije akakuta mlango umemkataa.

Aliondoka wakati wa vita. Treni zilikuwa hazifiki tena Kindu, chumvi imeadimika, na vijana walisukuma kwa miguu baiskeli zilizojaa mafuta ya mawese hadi Kasongo ili warudi na chumvi na sabuni. Dieumerci alikuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wake Falonne, mwenye miaka tisa, ndiye aliyemshikia baiskeli asubuhi ile, kaka yake akifunga mzigo kwa ukanda wa mpira. Kaka alitumia mkono wa kushoto. Fundo lake lilikaa kichwa chini, ncha zote mbili zimechomekwa ndani, na hakuna mwingine kwenye njia ile aliyefunga hivyo.

Hakurudi. Watu walipokuja na mikeka yao kukaa matanga, Mama Onema aliwafukuza uani kwa ufagio. Mfu yuko wapi, aliuliza.

Mwaka jana Josiane, anayeuza sufuria pamoja na Falonne katika soko la Kasuku, alirudi kutoka China na video kwenye simu yake. Alikuwa amerekodi katoni zake za vigae zikifungwa kwenye ghala moja la mji wa Foshan. Uso wa mfungaji haukuonekana, ila mikono tu, mikono ya mtu mweusi, wa kushoto ukikaza fundo kichwa chini. Mama Onema aliomba airudie, kisha airudie tena, mwishowe akaweka kidole juu ya kioo.

"Njo yeye," alisema. "Muangalie mukono."

Falonne alijiambia kwamba haamini. Hata hivyo, safari iliyofuata alikuwa ndani ya ndege pamoja na Josiane na rafiki yao Mamy. Walizunguka Guangzhou wiki nzima wakinunua mali. Kwa Foshan walibakiza siku moja, ya mwisho.

Treni iliyowapeleka ilipita chini ya ardhi bila hata kutikisika.

"Hii ikifika Kindu," Mamy alisema, "mukubwa wa stesheni atazimia."

"Azimie? Na pesa ya tiketi ataoa bibi wa pili!" Josiane alimjibu, nao wakacheka mpaka Wachina wakageuka.

Falonne alicheka kidogo kwa heshima yao. Walipotoka kituoni wakapita mtaa wa maduka ya vyuma, makufuli yamening'inia kama mikungu ya ndizi. Josiane akasimama.

"Falonne, chukulia mama kufuli moja. Wezi wapumzike."

"Twende kwanza. Tukirudi nitajua."

Alikuwa amekwisha kupanga moyoni. Akimkuta kaka yake, kufuli halina kazi. Asipomkuta, angenunua lililo kubwa kuliko yote, alipeleke nyumbani, amwambie mama yake: basi, tutandike mikeka.

Ghalani mtu mmoja alikuwa amewapa mgongo, akifunga katoni. Mkono wa kushoto ulipita chini, ukazunguka, ukachomeka ncha. Falonne alimsogelea.

"Yaya," aliita, kama alivyomwita kaka yake utotoni.

Mtu yule aligeuka. Alikuwa mfupi, mvi zimeanza kichwani, ana uso wa mtu mwingine kabisa.

"Yaya wa nani tena?" alisema kwa Kiswahili cha kwao, akitabasamu. "Miye Kitenge, mutoto wa Kabambare. Lakini kama munakosa yaya, nitakaa yaya wenu."

"Fundo hilo," Falonne alisema, "nani alikufundisha?"

Tabasamu liliondoka. "Weye ni wa kwa nani?"

"Wa kwa Mama Onema, Alunguli."

Kitenge aliketi juu ya katoni. Alisimulia akiitazama sakafu. Yeye na Dieumerci walisukuma baiskeli pamoja safari tatu, na fundo alilijifunza kwake. Katika ile ya tatu, siku mbili kupita Kampene, Dieumerci alishikwa na homa. Walimwaga mafuta wakamlaza juu ya baiskeli, lakini jua halijafika utosini akafa. Walichimba kwa mapanga, upesi, maana askari walikuwa nyuma yao.

"Kaburi liko wapi?"

"Pori limekula njia, dada yangu. Nilipita tena kisha miaka tatu. Sikuliona."

"Na kwetu mbona haukufika? Kila mutu pale angekuonyesha."

Kitenge alivuta ncha ya ukanda wa katoni. "Kinga yake, ile baiskeli, nilibaki nayo," alisema. "Njo nilianza nayo maisha. Nikasema nitakuja siku nitaweza kuirudisha."

"Mama wa watu anachunga mulango miaka yote hii juu ya kinga?" Josiane alifoka.

Falonne alipopiga simu nyumbani, Kindu kulikuwa asubuhi. Mama Onema alishika simu kabla haijalia mara ya pili.

"Umemuona?"

Falonne alimweleza yote, hata homa, hata mapanga. Alipomaliza alisikia mbuzi wa jirani, kisha pumzi ya mama yake.

"Fundo ni la nani?"

"Ni lake, mama. Lakini..."

"Na kaburi, huyo mutu anaweza kulionyesha?"

"Hapana."

"Unaona sasa. Anaona haya, njo maana anatunga maneno. Umwambie mama yake hajakasirika."

"Mama, si yeye. Nimemuona uso."

"Ulikuwa mutoto, Falonne. Uso wake unaukumbuka?"

Picha zote ziliungua vitani. Falonne aliutafuta uso wa kaka yake, akakuta mkono wa kushoto, ukanda wa mpira, na baiskeli nzito inayomwegemea kifuani. Juu ya mabega hapakuwa na kitu. Alimtazama Kitenge, aliyekuwa akijifuta macho kwa kiganja.

"Nitaacha mulango vile vile," Mama Onema alisema, akakata simu.

Waliporudi kupitia mtaa ule ule, Mamy alilichukua kufuli moja zito la shaba akamwekea Falonne mkononi. Alilipima kidogo, kisha akalirudisha kwenye ndoano yake.

"Hauchukui?"

"Mama hatalifunga."

Wakaenda kuwahi treni.