Dhahabu ya Hussam

Hussam wa hapa Kuze ni mwana wa mdogo wangu, Mwanatumu. Ana boti ya kuvusha watu, na kila chake sharti king'are: viatu, simu, hata meno. Mimi kule kung'ara kwanitia kichefuchefu.

Mamake haoni, sukari ilimla macho. Bintiye Jannat amejifungua huko ng'ambo. Gari lipo, daraja lipo, lakini Mwanatumu alishikilia avushwe na mwanawe. Sharti lake moja, awe na pa kushika.

Basi Hussam akamwita fundi Bramwel, akamtilia vyuma vya alumini ubavuni. Bramwel akasema, "Viache vitupu. Vitafifia tu, haviozi. Ukitaka rangi, kwanza vikwaruzwe, vipakwe ya chini, vikauke, ndipo ya juu."

"Vitupu kama sufuria? Watu watasema nauza maharagwe," akajibu Hussam. Akanunua mikebe ya rangi ya dhahabu, akapuliza juu kwa juu, pasi na kukwaruza.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni rangi ya kitanda cha biarusi."

"Mama mkubwa, wewe hupendi kizuri."

Maji ya chumvi yalipopiga, dhahabu ikafura malengelenge. Nikatumbua moja kwa ukucha, likatoka maji na unga mweupe kama usaha mkavu. Naye badala ya kuona haya, akapuliza dhahabu nyingine juu ya uchafu ule.

Ndipo akamleta mamake. Mwanatumu akatia mguu ndani, nami nyuma yake, akashika chuma, na ile rangi ikabanduka vuu, ikabaki kiganjani kama gamba la nyoka. Akayumba, nikamdaka kiunoni.

"Hussam, ni nini hiki?"

"Ni rangi tu, mama. Chuma kizima."

"Nami nitajuaje kilicho chini? Nishushe."

Tukarudi kwa tuktuk, Mwanatumu vigamba vimemnata vidoleni. Nilimsugua kwa sabuni huku nikimtukana mwanawe, wala hakunikataza.

Hussam akakaa pwani na msasa akikwaruza, pua na ndevu zimejaa vumbi la dhahabu. Wenziwe wakimpigia kelele, "Sultani, kwema?" Hakupaka kitu tena. Vyuma vikabaki vya kijivu, vibaya vya kutazama, kama meno ya mvuta tumbaku.

Mwanatumu akaja tena. Akavipapasa kutoka mwanzo hata mwisho, akavikwaruza kwa pete yake. Hakikutoka kitu. Akapanda, akashika, hakuachia mpaka ng'ambo.

Kuteremka, nikamwambia kiganja chake cheusi. Alumini tupu huacha masizi yake.

"Hussam, njoo," akamwita. Kijana akasogea na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi. Mamake akajifutia papo hapo kifuani mwa mwanawe, taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akauliza mtoto wa Jannat yuko wapi.