Tope la Habuya

Nikisikia harufu ya tope linalokauka juani, hadi leo huzitazama kucha zangu. Wengine harufu hiyo huwakumbusha mashamba ya mpunga. Mimi hunikumbusha Habuya, binti wa shangazi yangu, na wivu ulionitafuna nilipokuwa na miaka tisa.

Tulisoma shule ya Ngao, kando ya Mto Tana, miaka ya hamsini, tukikaa benchi moja. Mwalimu wetu alikuwa akitengeneza kitabu cha kusomea cha watoto wadogo, akatuambia kila mmoja achore mafuriko. Mchoro mmoja ungeingia kitabuni. Nilijua ni wangu. Baba alikuwa ameninunulia penseli ya buluu kwenye duka la Msomali huko Garsen, na shule nzima haikuwa na nyingine. Nilipaka maji mpaka penseli ikabaki kipande cha kushikwa kwa kucha.

Habuya alishuka mtoni, akarudi na tope kwenye kipande cha kibuyu, akapaka mafuriko yake kwa hilo tope. Nilimcheka sana.

Mwalimu alizitazama karatasi zetu mbili, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maji haya ya buluu umeyaona wapi?"

Nilikuwa nimeyaona vitabuni. Tana ikifurika huwa na rangi ya chai ya maziwa, na mimi niliyeteka maji yake kila asubuhi nilikuwa nimesahau. Darasa likaangua kicheko, hasa wale niliowanyima penseli.

Wakati wa mapumziko nilibaki ndani. Karatasi ya Habuya ilikuwa mezani, tope limekauka. Nililikwaruza kwa kucha, nikapuliza vumbi lake, roho ikatulia. Lakini karatasi ilibaki na doa hafifu lililoishia kwa mstari katikati ya kuta za nyumba alizochora, sawasawa na alama ambayo maji huacha kwenye kuta zetu yakishapungua.

Mwalimu aliporudi aliinua karatasi ile juu, akasema ndiyo itakayoingia kitabuni. "Habuya! Umechora mafuriko yaliyokwisha. Wazo hili umelitoa wapi?"

Habuya akatazama kucha zangu. Nikaikalia mikono.

"Tulifikiri pamoja, Mwalimu," akasema. "Mimi na dada huyu."

Afadhali angenisema nikachapwa. Nilimchukia wiki nzima kwa wema ule.

Miaka ikapita, nikaingia chuo cha sanaa. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa michoro ya hadithi ya kijiji kilichohamishwa na maji. Niliipaka kwa tope la Tana, nikalikwaruza lilipokauka. Mkufunzi akauliza swali lilelile: wazo hili umelitoa wapi?

Nikasema ni langu.

Utotoni nilidhani nauonea wivu mchoro. Kumbe nilimwonea Habuya wivu kwa sababu aliweza kunigawia kilicho chake bila kuona amepungukiwa. Mimi nilikuwa nimelichukua wazo lake lote, nikashindwa hata kulitaja jina lake.