Breki Nilizozijaribu Mbele ya Soko la Mushaki

Aibu hii bado inaniuma, na ningeinyamazia kama Mushaki nzima isingekuwa imeiona. Nilirudi kutoka Kampala na diploma ya ufundi (peke yangu katika ukoo mzima, na ada nilijilipia kwa kuosha magari), nikafungua karakana ya garnitire, vile vipande vya breki ya pikipiki vinavyosagika upesi kwenye miteremko yetu: nakusanya zilizokwisha, nabandua kitambaa cha zamani, ile ngozi ngumu inayokamata gurudumu, nabandika kipya, nauza nusu ya bei ya mpya. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama Furaha, anayeleta mpya kutoka Goma, alipoanza kumpunguzia bei kila anayemwachia kuukuu. Hakuzihitaji, alitaka tu mimi nizikose.

Wakati huohuo chama cha madereva wa pikipiki kilikuwa kinachagua nani awauzie breki wote, na nikikosa kazi hiyo karakana inafungwa. Wakataka nijaribu zangu mbele yao siku ya soko. Sikuwa na hata pea moja nzima, lakini badala ya kusema ukweli nikaokota moja yenye ufa niliyokuwa nimeitupa mwenyewe, nikaibandika, nikaipaka rangi.

"Ingénieur, uko na hakika?" akauliza Papa Safari, mkuu wa chama.

"Mimi nilisoma, Papa. Angalia tu."

Nikashuka kilima na suti yangu, nikakanyaga breki, nikasikia ta! na pikipiki ikaendelea kama haijaambiwa kitu, nikapita watu, nikapita mbuzi, nikaishia katikati ya mabidoni, yale madumu ya maziwa, nikainuka mweupe kuanzia kichwani.

"Hata chikudu ya mbao iko na frein kupita yako!" akapaza sauti kijana mmoja, akiigonga ile baiskeli yake ya mbao ya kubebea mizigo.

"Angalieni, diploma iko naoga!" mwingine akadakia, na soko likacheka.

Mama mwenye maziwa hakucheka. "Ile maziwa njo ilikuwa ya kulipia batoto masomo," alisema, "na weye unasemaka ulisoma."

Mama Furaha akaokota kipande kilichovunjika, akakigeuza, akampa Papa Safari aone ufa wa zamani chini ya rangi. Kazi ikawa ya Mama Furaha.

Siku hizi zile kuukuu alizozirundika anazibandika upya, kwa njia yangu ileile, na madereva wanamsifu kwa akili. (Chuoni niliandika kwenye mtihani kwamba anayeshika vilivyochakaa ndiye anayeshika soko. Nilipata alama za juu kabisa.) Mimi naziba pancha kando ya barabara.

Juzi Papa Safari alisimama nimzibie tairi. "Kaka, ungesema tu hauna," akaniambia, "tulikuwa tayari kukungojea juma moja."

Nimeapa: nikikosa, nitasema sina, hata soko zima likinisikia.