Jalada la Kijani

Hospitali niliyofanyia kazi ya uuguzi hapa Mafia ilikuwa na majalada ya rangi mbili. Kahawia lilikuwa la wagonjwa wa madaktari wetu wa ajira. Kijani lilikuwa la wagonjwa wa bingwa wa upasuaji, ambaye hakuwa mwajiriwa: alikuwa akija na ndege kutoka Dar, anapasua siku mbili, anaondoka. Jalada la kijani daktari wetu haligusi bila ruhusa ya bingwa mwenyewe. Wao waliita heshima. Mimi naita upumbavu.

Siku hiyo mgonjwa wa kijani alikuwa mwanamke wa kisiwa cha jirani cha Juani, aliyekaa kwenye ndoa miaka bila kupata mtoto. Asubuhi bingwa alimtoa uvimbe kwenye kizazi, akamwambia sasa atazaa inshallah, akawahi ndege ya mchana. Haikupita saa, tumbo likaanza kujaa, mapigo yakaenda mbio, midomo ikapauka. Alikuwa anavuja damu ndani.

Nikamkimbilia daktari wa zamu.

"La kijani hilo, sista. Mpigie mwenyewe."

Nikapiga. Yuko angani, simu imezimwa. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea: "Kwani daktari wa zamu hayupo?" Nikarudi na jibu hilo, wa zamu akataka ruhusa ya maandishi. Husemwa mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa hata hawakupigana, walikuwa wakikwepana tu! Mama wa mgonjwa akanishika mkono. "Mwanangu, wanangoja nini?"

Nikaenda mapokezi, nikachukua jalada la kahawia, nikahamishia karatasi zote humo, nikambwagia daktari wa zamu mezani.

"Mgonjwa wako huyu, Dokta."

Akalitazama. Alijua nilichofanya, sina shaka hata kidogo. Akainuka mbio kwenda chumba cha upasuaji. Kumbe muda wote ule alikuwa amekalishwa na rangi ya karatasi.

Dada yule alipona. Kizazi hakikupona, damu ilikuwa imeshatoka nyingi mno, ikabidi kitolewe. Daktari mwenyewe aliniambia, huku ananawa mikono, kwamba angeingia mapema angekiokoa. Nilitamani nimpige na karai.

Baadaye nikaitwa ofisini nijieleze kwa kuchezea nyaraka za mgonjwa. Wakaniuliza kama najuta. Nikawaambia najuta sana: nilipaswa kulibadilisha jalada kabla sijapiga simu ya kwanza.