Tiketi Moja kwa Pacha Wawili

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na ya dagaa wa kukaanga hunirudisha mpaka leo kwenye Desemba ile. Kampuni ya michezo iliyokuwa ikihama mji hadi mji ilikuwa imezungushia mabati uwanja mmoja karibu na ziwa, hapa Mwanza, na ndani yake ikasimamisha gurudumu kubwa la chuma lenye viti vya kuning'inia. Jioni, upepo ukigeuka, tuliisikia injini yake kutoka nyumbani kwetu Butimba. Mimi na pacha wangu Doto tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa, na kwetu Wasukuma hilo lilitosha kunifanya mkubwa wa kutumwa na kuaminiwa. Mama alitushonea mashati ya kitambaa kimoja na kutugawia viazi kwa idadi sawa, maana iliaminika kwamba ukimpa pacha mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa ataugua.

Siku iliyofuata Krismasi ndiyo iliyotarajiwa kuwa na watu wengi kuliko zote, kwa hiyo tiketi zake ziliuzwa mapema. Baba alinituma asubuhi moja kabla ya sikukuu. "Tiketi mbili, Kulwa. Moja yako, moja ya mwenzio. Usicheze njiani." Alikuwa na sababu ya kusisitiza. Mjomba wetu wa Sengerema hakuwa na mtoto wa kiume wa kuchunga ng'ombe, na wazazi walikuwa wamekubali kumpa mmoja wetu. Waliyemchagua ni Doto. Angevuka na mjomba kwa kivuko hadi Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kesho yake baada ya michezo. Siku ile ya gurudumu ilikuwa zawadi yake ya kuagwa, nami nililijua hilo vizuri. Hata hivyo nilikuta wenzangu wanacheza gololi chini ya mawe makubwa nyuma ya uwanja, nikainama mara moja, na nilipoinuka jua lilikuwa utosini. Dirishani muuzaji alinicheka. "Ulikuwa unangoja tukuletee nyumbani, bwana mdogo? Imebaki moja."

Sikumwambia baba. Nilimwambia Doto peke yake, na nilimwambia kama mtu aliyegundua jambo la akili. Mlangoni walichana tiketi na kukuachia kipande, na mwenye kipande aliruhusiwa kutoka na kurudi. Sisi tulifanana mpaka mwalimu alikuwa akimpa mmoja wetu viboko vya makosa ya mwenzake. Nitaingia mimi kwanza, nikamwambia, kengele ya kanisa ikilia saa sita nitatoka nikupe kipande, na wewe utashinda humo mpaka jioni. Doto alifikiri kidogo. "Mbona nisianze mimi?" Nikamjibu kwamba mimi ndiye mkubwa. Hakubisha. Tulikuwa tumezoea hivyo.

Siku yenyewe foleni ilianzia barabarani. Watu walikuwa wamevaa nguo za Krismasi, akina mama wamebeba watoto mgongoni, vumbi limetulizwa na mvua ya usiku. Bawabu aliichana tiketi yangu, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Na huyu kivuli chako je, haingii?" Watu wakacheka. Doto naye akacheka. Nilimwacha kando ya mlango, nikaingia. Humo ndani mwenye tiketi alipanda mara zote alizotaka, mradi apange foleni. Kiti kilipofika juu mara ya kwanza nililiona ziwa lote, visiwa, na kivuko kikiwa kidogo kama kiberiti. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kengele ya saa sita ililia nikiwa kwenye foleni, watu watatu mbele yangu. Niliisikia. Sitaki kusema hapa kwamba sikuisikia. Nilijiambia mara hii tu, kisha nikajiambia tena. Nilitoka saa kumi na mbili jioni, injini ikiwa tayari imezimwa.

Doto alikuwa amekaa palepale kando ya mlango. Nilimwambia watu walizidi, wakafunga mlango, hawakumruhusu mtu kutoka. Aliinuka, akapangusa vumbi kwenye kaptula. Nyumbani mama alituuliza kama tumefurahi. Doto ndiye aliyejibu: "Tumefurahi sana, mama." Asubuhi alivuka na mjomba. Mimi niliendelea na shule mpaka sekondari. Yeye alibaki na ng'ombe, na shule yake ikaishia hapo.

Mwaka huu mjukuu wangu Milembe alitaka kuwapeleka wanawe kwenye bustani ya michezo iliyofunguliwa huku ufukweni. Alipanga yote kwa simu wiki moja kabla, kwa kuwa sikukuu hujaa: kila mtu tiketi yake, jina lake, na saa yake ya kuingia. "Babu, nimekuwekea na wewe," aliniambia, "na ya babu Doto pia, saa nne." Tulipomaliza kuongea nikampigia Doto. Kabla ya kumkaribisha nilimweleza ukweli, kwamba mlango haukufungwa, kwamba nilisikia kengele nikabaki. Nilidhani namfunulia kitu.

"Kulwa," alisema, "yale mawe nyuma ya mabati unayakumbuka? Nilipanda. Nilikuona ukizunguka. Ulikuwa unacheka."

Nilimuuliza kwa nini hakuniita.

"Nilikuita. Injini ilikuwa na kelele."

Siku hizi mpangilio ni mzuri, nakiri. Hakuna mtoto anayelazimika kuiweka sikukuu yake mkononi mwa mwenzake. Vitukuu waliingia kwa saa yao, wakapanda, wakatoka wakigombania barafu. Doto hakuja. Alisema ana ng'ombe anayekaribia kuzaa, nami sikuthubutu kumuuliza kama ni kweli.