Kituo cha Treni Tulichokikosa Kaisho

Simu ya shangazi Paskazia ilinikuta Morogoro, nimeinama nyuma ya friji ya muuza samaki. Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, na tangu wazazi wangu waondoke duniani ndiye pekee anayeniita nyumbani. Mimi ni fundi friji na mtu wa kuhamahama. Nimekaa Tabora, nikakaa Tunduma, nikakaa Lindi, na kila mji niliuhama kwa haraka kisha nikaanza kuukumbuka.

"Wanakuja watu wa treni," alisema shangazi. "Ile ya kasi, itakayotoka nchi hii kwenda nchi nyingine. Wanataka kuuliza kituo kiwekwe wapi. Wewe umeipanda hiyo ya umeme, njoo utusemee."

"Shangazi, mimi nilipanda kama abiria tu."

"Sisi huku hata uabiria hatujaujaribu. Njoo. Halafu Asimwe amejifungua, unisindikize nikamwone."

Asimwe ni binti yake wa pekee, ameolewa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda. Shangazi amezoea kuvuka kila anapopata nafasi. Lakini siku hizi magoti yanamsumbua, na daktari amemkataza pikipiki, na bila pikipiki njia ya kutoka kwake Kaisho hadi darajani Murongo si ya mama wa umri wake. Kwa hiyo alipotaja kituo, nilijua anamtaja Asimwe. Nilifunga friji ya watu, nikafunga na begi langu.

Kutoka Morogoro hadi Dodoma nilipanda treni. Niliketi dirishani nikijifundisha maneno ya kwenda kuwaambia watu wa Kaisho: jinsi chai isivyomwagika, jinsi vijiji vinavyopita kabla hujasoma jina la shule. Pale Dodoma raha ikaisha. Treni ilifika kwa wakati wake, basi la Karagwe lilikuwa limeondoka kwa wakati wake, na ilionekana hakuna aliyewahi kufikiria kuwakutanisha hao wawili. Nililala nyumba ya wageni karibu na stendi nikamlaani kila mtu, nikiwemo mimi niliyekata tiketi bila kuuliza.

Kesho yake basi lilitupeleka Singida, Kahama hadi Biharamulo, tukalala, asubuhi likazunguka hadi Kyaka, kisha likaanza kupanda. Nilijua tumeingia Karagwe kabla sijaona kibao chochote. Kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai kando ya barabara, na harufu yake ikaingia dirishani kama mtu anayekufahamu. Niliteremka Omurushaka, nikakodi pikipiki kwanza inipeleke Kihanga nilikozaliwa.

Kihanga sikukaa. Kibanja cha baba, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba yetu, sasa kina mikaratusi tupu, mirefu, imepangwa mistari. Binamu aliyeipanda alinieleza kuwa migomba inadai mtu wa kuihudumia kila siku, na mikaratusi haidai mtu. Hakunilaumu. Nilisimama pale ulipokuwa mlango wa jikoni, nikapanda tena pikipiki.

Kaisho nilifika jua likiwa bado juu. Shangazi alinipokea uani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba tata, marahaba baba. Mbona umekonda, huko Morogoro hawapiki?"

Alinipa kahawa kavu za kutafuna kwenye kisahani cha majani ya mgomba, kama mgeni. Nilitamani angenituma maji, kama mtoto wa nyumbani.

Siku ya mkutano tulikusanyika uwanja wa shule. Walikuja wataalamu wa upembuzi yakinifu wa reli, wakiongozwa na dada mmoja kutoka Dar es Salaam aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Zuhura. Alizungumza vizuri, bila kuturingia. Alisema bado ni mipango ya mwanzo. Alisema treni ya kasi haiwezi kusimama kila kilima, kwa sababu kila inaposimama inapoteza ile kasi iliyonunuliwa kwa gharama kubwa. Kituo huwekwa pale ambapo watu tayari wanasafiri. Kikiwekwa upande wetu wa mpaka, vitafuata vitu vingine: ofisi ya uhamiaji hapo hapo kituoni, na mabasi madogo ya kupita Murongo, Kaisho, Nkwenda, hata kufika Kihanga na Nyakakika, yakipangwa kuisubiri treni. Hapo nilimtazama shangazi. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa benchi, magoti ameyanyoosha, anasikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita mbele. Nilieleza habari za chai isiyomwagika, watu wakacheka, wakapiga makofi.

"Na choo kiko ndani?" akauliza mzee mmoja.

"Kiko ndani, waitu mzee wangu, na maji yanatoka."

"Basi mimi nitahamia humo!"

Kicheko kilikuwa hakijakauka Zuhura aliposimama tena. "Sasa nisaidieni," alisema. "Nani hapa huvuka mara kwa mara kwenda Uganda? Kwa ndugu, kwa biashara, kwa lolote. Nyoosheni mikono niwaone."

Nyuma yangu mtu alinong'ona kwa Kinyambo kwamba asitokee mjinga wa kujitia kitanzi. Nikaelewa. Kila mwaka kuna kahawa ya kwetu inayovuka mto kimyakimya kwenda kutafuta bei, na kila mwaka wanakuja watu wa kuuliza nani anavuka, anakwenda kwa nani, amebeba nini. Wapo pia waliowahi kuulizwa kama kweli ni raia. Swali la dada huyu lilikuwa lile lile, ila limevaa nguo nyingine.

Hakuna mkono ulionyooshwa. Shangazi alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

Nikanyoosha wa kwangu.

Zuhura akatabasamu. "Kaka wa treni! Wewe unaishi wapi?"

"Morogoro."

"Morogoro?" akasema mwenyekiti. "Shusha mkono bwana, wewe ni mgeni hapa."

Watu walicheka, safari hii kama waliopona jambo. Nikashusha. Sijawahi kuitwa mgeni Tunduma wala Lindi, nilikoishi miaka. Nimeitwa hivyo Kaisho, tena kwa haki.

Baada ya mkutano, wataalamu wakipakia vyombo kwenye gari, nilimvuta shangazi pembeni.

"Nimwambie ukweli? Nimwambie aje siku ya soko darajani ajionee mwenyewe?"

Shangazi akatikisa kichwa. "Ukimwambia, wewe utapanda basi lako. Mimi nitabaki na majirani. Wakija watu wengine kuuliza habari za kahawa, nani ataambiwa aliwaita?"

"Lakini shangazi, kituo..."

"Nakijua kituo. Nimekiota kabla yako." Akainuka kwa kushika bega langu. "Mwage salama, mwambie ahsante, basi."

Nilimwendea Zuhura. Alinipa namba yake, akasema nikikumbuka lolote nimpigie. "Siwezi kuandika ambacho watu hawakusema," aliongeza, kama aliyekuwa akisubiri niseme. Nikamwambia ahsante.

Siku ya soko tulikwenda Murongo. Nilikodi gari dogo kwa ajili ya yale magoti. Darajani hapakuwa na pa kuweka mguu. Wanawake na mafungu ya ndizi, vijana na baiskeli zenye magunia, mabibi waliovaa nguo za kanisani wakienda harusini. Nusu yao niliwajua kwa sura: ni wa uwanja wa shule. Mzee wa choo alikuwepo, ana kuku kwapani. Mwenyekiti naye alikuwa anarudi kutoka ng'ambo, kavaa kofia mpya.

"Eh, mgeni wa Morogoro!" alisema, na macho akayapeleka mtoni. "Na wewe umepotea njia?"

"Nimemsindikiza shangazi, mwenyekiti."

"Vizuri. Mtu na ndugu zake." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yule dada hakuwa mbaya, unajua. Nilimwangalia sana. Hakuwa mbaya." Akaondoka bila kungoja jibu.

Nilikuwa nimesahau kitambulisho changu Morogoro, kwa hiyo nilibaki kwenye kizuizi. Shangazi alivuka peke yake, mkono mmoja kwenye chuma cha daraja, kila hatua ameiombea. Ng'ambo nilimwona Asimwe, mtoto mgongoni, ananyoosha mkono juu ya vichwa vya watu ili mama yake amwone. Shangazi akanyoosha wake. Na kwenye kingo zote mbili watu walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wanaitana, wanapungiana, mikono mingi kuliko niwezavyo kusema. Niliitoa simu mfukoni nikaitazama namba ya Zuhura. Nikairudisha.

Safari ya kurudi sina mengi ya kuieleza. Dodoma nilikosa treni, kama nilivyokosa basi wakati wa kwenda.

Miezi ilipita. Siku moja Zuhura akanitumia ujumbe wa upole: katika mipango yao treni haitasimama upande wetu. Kituo cha karibu kitakuwa mbali, ndani ya Uganda. Hapakuonekana abiria.

Nilikwenda nikidhani kazi yangu ni kuwaeleza watu wa kwetu treni ilivyo. Kumbe mtaalamu ndiye aliyehitaji kuelezwa watu walivyo, na mtu wa kumweleza alitakiwa awe ni mwenyeji, aliyebaki, mwenye migomba ya kuhudumia. Mkono wangu ulikuwa umechelewa miaka mingi.

Nilimpigia shangazi. Siku hizi havuki. Asimwe ndiye anayekuja, akipata nafasi.

"Kwa hiyo itapita tu?" aliuliza.

"Itapita tu, shangazi."

Nilisikia akivuta pumzi, na kuku wakigombana uani kwake.

"Haya. Ikipita tutaipungia mikono."