Vidonge Ndani ya Kopo la Mlonge

Kopo langu la mlonge lilikuwa la maziwa ya unga ya wajukuu, enzi hizo hawajaota meno. Sasa wana ndevu. Kopo bado zima, mfuniko unabana, na majani ya mlonge nikishayakausha kivulini na kuyatwanga, humo ndimo yanamokaa. Hapa Lionja hakuna asiyelijua.

Mimi nilizaliwa upande wa Ruangwa, nikaolewa huku. Shule nilisoma darasa la pili na nusu. Nusu ile iliyobaki ngedere waliimaliza, maana nilitolewa nikawafukuze shambani. Majani nilifundishwa na bibi yangu, bila kalamu. Mtoto akiharisha, machipukizi ya mpera, na yale maji ya chumvi na sukari wanayosema zahanati, kwa sababu sibishani na kitu kinachofanya kazi. Upele, mwarobaini wa kuogea. Mafua, mchaichai. Kivumbasi nimepanda mlangoni, mbu wananiacha wanahamia kwa jirani. Jirani analijua hilo na ameshanilalamikia.

Watu wakija kwangu nawapa, wanapokea, wanaondoka. Kwetu dawa haishukuriwi. Ukisema asante umeirudisha kwa aliyekupa, na yeye haumwi. Ukipona, siku nyingine utapita na bakuli la ming'oko, vile viazi vyetu vya kuchimba porini, na hakuna atakayetaja ni ya nini.

Sasa ilikuwa hivi. Mwaka jana nilimsindikiza huyo jirani yangu zahanati kupima uzito wa mjukuu wake. Mimi sikuumwa chochote. Nesi, binti mgeni aliyehamia kutoka kaskazini huko, akaniona nimekaa bure, akasema hebu na bibi tukupime presha. Nikampa mkono kwa kujionyesha tu. Akapima mara mbili, akaniita ndani. Presha ilikuwa juu, na nilitakiwa kumeza kidonge kimoja kila siku, si siku ninayojisikia vibaya. Kila siku.

Akaniuliza kama natumia dawa za kienyeji. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje nilihesabu watu watatu niliowahi kuwapa majani kwa mkono wangu, na wote walikuwa wameacha kuzungumza. Nikaona akinikataza mbele yao. Nikasema situmii.

Akanipa vidonge. Nikavifunga kwenye pindo la khanga, nikaondoka kimya, na yule binti akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kwao nadhani wanashukuru.

Nyumbani nikawaza pa kuviweka. Kwangu watu wanaingia mpaka jikoni. Wakiona vidonge, mwezi hautaisha kabla hawajaanza kusema mwenye majani naye anakula vya zahanati. Nikavitia ndani ya kopo, chini kabisa, nikavifunika na unga wa mlonge. Kila asubuhi nilichimba karatasi yake, nikaipangusa, nikatoa kimoja, nikakimeza. Vikiisha nilichukua vingine kwenye dirisha la dawa, sikungoja kupimwa. Halafu, kwa kuwa kidonge kidogo vile sikukiamini kikae peke yake, nikakisindikiza na kijiko cha mlonge kwenye uji. Jioni kijiko kingine. Walioniuliza mbona nimekuwa mwepesi, niliwaambia ni mlonge. Nusu ilikuwa kweli.

Siku moja nikainuka kwenye kinu na ukuta ukanijia. Nilijikuta nimekaa chini na mchi umenilalia mapajani. Jirani aliona, na jirani yangu ana simu yenye salio kila wakati. Kabla sijajipangusa vumbi mwanangu wa Nachingwea mjini alikuwa hewani.

"Mama," alisema, "ukianguka tena nakuja kukuchukua. Sitauliza."

Mwanangu ana moyo mzuri na nyumba nzuri. Nilikaa pale wiki mbili wakati fulani. Uwani ni saruji ukuta hadi ukuta. Jani pekee nililiona juu ya meza ya televisheni, na lilikuwa la plastiki. Mkwe wangu analifuta vumbi kila Ijumaa. Nikienda kule sitaumwa, lakini nitakaa kwenye kiti nikingoja chakula kama kuku wa kisasa.

Kwa hiyo ilibidi nisianguke. Nikafikiri: nimeanguka, maana yake presha imepanda. Nikaongeza mlonge. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, na kidonge palepale.

Msimu wa korosho ukaingia. Kuokota korosho ni kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, unanyonga bibo unatupa, korosho inabaki kwenye ndoo. Jirani alikuwa kwenye mikorosho yake, mimi kwenye yangu. Nikainuka mara moja, shamba likapinduka, nikakaa puu juu ya rundo la mabibo.

Jirani ni Mmakua, mtani wangu miaka yote, kwa hiyo alicheka kwanza. Akaniuliza kama nakamua pombe ya uraka kwa makalio siku hizi. Aliponiona simjibu, akaacha kucheka, akanishika mkono mpaka nyumbani, akanilaza kwenye mkeka barazani. Akasema ananipikia uji wenye mlonge wangu mwenyewe, nguvu zirudi. Nikamwambia asiguse kopo. Kumwambia Mmakua asiguse ni kumtuma.

Nilimsikia akilitikisa. Kisha mfuniko ukafunguka. Akatoka na karatasi za vidonge mkononi, zinameta, zimejaa vumbi la kijani.

"Mtani, mlonge wako umeanza kuzaa mabati?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mjukuu wako."

Alikaa chini pembeni yangu. Nilingoja anicheke, na kweli alinicheka, akasema sasa anaelewa kwa nini mlonge wake yeye haufanyi kazi, haujapandwa vidonge. Kisha akatoa simu akaiweka kwenye mkeka katikati yetu.

"Kesho tunakwenda zahanati, na kopo unalibeba wewe. Ukimficha nesi kitu kimoja, mwanao nampigia palepale benchini."

Usiku ule nililala, lakini si vizuri.

Asubuhi nikaliweka kopo mezani kwa nesi, nikafungua mfuniko, nikasema yote: vijiko vinne, kidonge kimoja, mara mbili chini. Mlango ulikuwa wazi kama siku ile, na benchi limejaa. Akanipima nimekaa, akanipima nimesimama. Akamwita daktari, wakaongea, akarudi. Presha haikuwa juu. Ilikuwa chini, na nikisimama inashuka zaidi. Nilikuwa naivuta kwa kamba mbili, alisema, na mimi nikidhani inapanda nikazidi kuvuta.

"Bibi, mimi sikuuliza ili nikukataze. Jani nalo ni dawa. Ungekuwa hulijui hilo wewe, nani angelijua?"

Maneno hayo niliyastahili. Akaniambia kidonge kiendelee, unga wa mlonge niuache, nikiinuka niinuke taratibu, na nirudi baada ya wiki mbili. Nilipofunga kopo akauliza, kwa sauti ndogo, kama na leo naondoka bila hata neno la asante. Ndipo nikajua lile la siku ile alikaa nalo mwaka mzima. Nikamweleza kuhusu dawa na asante. Akaandika tarehe ya kurudi kwenye kidaftari changu.

"Basi usinishukuru," akasema.

Sikumshukuru. Wiki iliyofuata nilipita na ming'oko, nikaiweka dirishani kwake, nikaenda zangu.

Benchi halikunicheka kama nilivyoogopa. Wawili walinifuata njiani kuniuliza kama na wao wapeleke makopo yao. Siku hizi mtu akija kwangu, kabla sijanyoosha mkono kwenye tawi, namuuliza zahanati wamempa nini. Akijiumauma, namrudisha akalete alichopewa.

Mwanangu alikuja korosho zilipokaribia kwisha. Jirani anaapa hakupiga simu. Labda, watu wa Lionja wana midomo mingi. Alikuja na bodaboda, begi tupu begani, na mafua mazito ya vumbi la njiani. Aliniambia nifungashe. Nikamwambia akae kwanza, anachafua hewa kwa chafya. Kidaftari changu cha zahanati nikakiweka mbele yake, asome tarakimu zote tangu siku ya kopo, jinsi zilivyotulia, maana yeye ndiye msomi. Alizisoma, akarudia. Mimi nikaenda uwani, nikainuka taratibu kama nilivyoagizwa, nikachuma mchaichai, nikauchemsha na tangawizi, nikampelekea.

Alikunywa kikombe chote, jasho likamtoka puani. Nilisimama pale nikimtazama. Ameishi mjini miaka mingi, na kule anashukuru hata anayempisha njiani.

Akakiweka kikombe chini, hakusema neno. Akachukua begi lake tupu, akalikunja.